Kamyoneti Yangu na Mguu wa Mbuzi

Jirani, sogea kidogo kwenye hicho kibao nami nikae. Polepole, mgongo hautaki haraka. Mama, unipe chai ya tangausi, sukari usihesabu. Unaona haya macho? Mekundu kama pilipili. Usianze kucheka, bado sijasema kitu.

Ni ile kamyoneti. Ndiyo, ile Toyota Hilux ya rangi ya... tuseme iko na rangi. Unajua nilivyoinunua? Hujui. Ungejua ungenizuia. Au ungeita wengine waje kuona, nakufahamu.

Muuzaji alikuwa mtu wa samaki. Alisema mwenyewe, hakuficha: gari imepiga safari za Kyavinyonge miaka mingi, inajua njia hata bila dereva. Mimi nikafurahi, nikaona napata gari yenye akili. Nikaizunguka kama mtu anayeelewa. Nikapiga teke tairi ya mbele. Nikapiga honi. Nikafungua kapo, nikatazama injini, nikasema "hmm" kama daktari. Injini nayo ikanitazama. Nikafunga. Nikakaa kwenye usukani. Usukani uko kuume, juu ya gari nyingi za huku zinaingilia Uganda, na sisi Kongo tunatembea kuume kwa barabara. Kwa hiyo kila nikitaka kupita lori lazima bibi yangu achungulie upande wake kwanza. Akisema "enda", nakwenda. Akisema "ngoja", tayari nimekwenda.

Nyuma, kwenye karoseri, kulikuwa na kapeti. Plastiki ya maua, ile ya kutandika sebuleni, imepigiliwa misumari pembe zote nne. Nikajisemea: ona mtu msafi huyu! Hata gari anaitandikia.

Tukafika kwenye malipo. Kati ya dola zangu kulikuwa na noti moja ya 20 iliyochanika pembeni, kimchaniko cha sikio la sisimizi. Unajua kwetu, dola ikikwaruzwa tu imekufa. Yule bwana akaiinua kwenye jua. Akaigeuza. Akainusa. "Hii haipite, papa." Haipite! Nikarudi nyumbani kwa miguu kutafuta 20 nyingine, kilima chote, nikaikopa kwa shemeji ambaye mpaka leo ananisalimia kwa kuitaja. Mtu amekataa noti yangu kwa tundu ambalo hata mwanga haupiti. Na yeye, chini ya yale maua... Lakini usiniharakishe.

Wewe unajua mahari yetu Wanande ni mbuzi. Mimi nilibakiza mmoja. Mmoja tu, miaka 11. Kila nikifika Beni, mama mkwe hasemi kitu. Ananikaribisha vizuri, ananipa kiti, halafu anaangalia mikono yangu. Safari hii nikasema yaishe. Nikanunua mbuzi. Nikapakia na magunia matatu ya viazi vya Lubero, kabichi, na poaro za kuuza kwenye meza yake kule soko la Kilokwa. Mkwe wa maana, na gari yake! Nilivaa koti.

Butembo hadi Beni ni kilomita 54. Ukiisema kwenye simu ni kama kwenda kununua chumvi dukani. Mwaka 2021, Juni, marais wawili, Tshisekedi wetu na Museveni wa Uganda, walikutana mpakani kule Kasindi na Mpondwe kuzindua kazi ya barabara. Kilomita 223 kwa jumla, na zetu 54 zimo ndani. Nilisikia habari hiyo kwenye redio ya kinyozi nikapiga makofi na sabuni usoni. Kamyoneti yangu haikusikia. Redio yake ni shimo. Hilo ndilo shimo la kwanza nililoliona, na nilidhani ni la mwisho.

Tukatoka mapema. Njia ile hutaki jua likuzamie ukiwa bado njiani. Sababu unaijua, na watu wa Beni wamezika vya kutosha, sitaifanya hadithi ya kioski. Kwa hiyo nikakanyaga. Upande wa Maboya nikasikia watoto wanashangilia nyuma. Mimi watoto wakishangilia gari yangu huwa napunga mkono. Nikapunga. Wakazidi. Nikapunga tena, nikaongeza na honi. Bibi yangu akasema, "Leo unapendwa." Nikanyoosha kola ya koti.

Kumbe wanaokota viazi.

Sijui hilo bado. Natembea na heshima yangu. Pikipiki ikanifikia, motari akagonga kioo. "Papa! Mbuzi yako iko natembea!" Nikamwambia asante. Nilidhani anamsifia. Akagonga tena, safari hii kwa hasira. "Iko natembea CHINI, papa!"

Nikasimama. Nikashuka. Nikainama. Jirani, chini ya gari yangu kulikuwa na mguu. Mguu mmoja wa mbuzi, hadi kwenye paja, unapapasa hewani kama mtu anayetafuta sandali gizani. Nikapanda juu kuona mwenye mguu. Alikuwa amekaa kwenye maua na miguu yake mitatu, ananitazama kwa utulivu, kama abiria aliyelipa nauli na anangoja maelezo. Kando yake gunia moja la viazi lilikuwa limelala bapa. Tupu. Limetobolewa na kingo za bati na kumwaga kiazi kimoja kimoja. La pili lilikuwa njiani kumfuata mwenzake. Kabichi hazikupita, juu ya unene. Nilimshukuru Mungu kwa unene wa kabichi.

Tulimtoa mbuzi kwa watu wanne na ushauri wa watu ishirini. Tukiwa hapo chukudu moja ikatupita, imejaa magunia mpaka juu. Mti mtupu ile, injini haina, kioo haina, na sakafu yake nzima. Mwenye chukudu hakucheka. Alitoa kofia, kama mtu anayepita kwenye matanga. Hiyo iliniuma kuliko kicheko.

Beni tukafika. Mama mkwe akapokea mbuzi, akamkagua miguu yote minne, akarudia ule mmoja. Halafu akaja kwenye gari. Akainama polepole, na kitambaa chake kichwani, akatazama chini. Kutoka pale alipokuwa aliweza kuona mawingu. Akasimama. Akapangusa mikono. Akaniuliza kwa upole kabisa, mbele ya majirani zake wote, mbele ya shemeji zangu:

"Mukwe, gari yako iko na choo?"

Koti nililivua hapo hapo.

Tuliporudi Butembo, bibi alisema peleka kwa fundi. Mimi nikasema shimo lenyewe dogo. Mwanaume hapeleki kwa fundi kitu anachoweza kuharibu mwenyewe. Nikang'oa yale maua. Shimo dogo lilikuwa na ndugu zake. Nikapima moja kwa kiganja: kiganja kikapita. Nikapima kwa sahani: sahani ikapita, na mpaka leo bibi anaitafuta. Nikanunua mastiki. Nikakata bidoni ya mafuta ya kupikia, nikainyoosha, nikaiweka juu ya mashimo, nikafungia ukingo wake kwa mastiki, pale bati halikutosha nikaweka kartoni, nikapaka rangi. Ikang'aa. Nikamwita bibi aje aone. Akaja. Wakati huo huo kuku akaruka juu kutafuta punje. Hata si jogoo, jirani, tetea tu. Akapiga hatua ya kwanza, akapiga ya pili. Ya tatu hakuimaliza.

Bibi hakusema kitu. Aliniletea chenji ya pikipiki niende kutafuta fundi.

Nikaambiwa: tafuta Kasereka, yule wa kusude vyuma, kule chini kwenye garaje. Sasa wewe fikiri. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ni Paluku au Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Wazazi wetu walikuwa wanahesabu, si kutaja majina. Kutafuta Kasereka Butembo ni kutafuta mtu mwenye pua. Nikaingia garaje nikaita "Kasereka!" Wakageuka sita, na mmoja aliyekuwa amelala akaamka. Nikaona aibu kusema simjui ninayemtaka. Nikamchukua aliyekuwa karibu. Sijui kama ndiye.

Nilipoleta gari, fundi huyo hakuiangalia kwanza. Alimwita mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye tairi kuukuu. Mzee akaja na nyundo ndogo. Akagonga pembeni mwa karoseri: ting. Akasogea kidogo: ting. Akasogea katikati: paf. Chuma kizima kinaimba, kilichooza kinasema paf. Alipogonga tena nyundo ilibaki ndani, na vumbi jekundu likamwagika chini kama unga wa muhogo uliokataa kuwa mweupe. Akachukua kidogo kwa kidole. Akaonja! Mbele yangu. Akatema.

"Makayabo," akasema.

Nikamwuliza makayabo gani, mimi nabeba viazi. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyerudia darasa. Gari hii, papa, imebeba samaki wa chumvi. Ziwa Edward lote, Kyavinyonge, Vitshumbi, samaki wanapasuliwa, wanatiwa chumvi, wanapakiwa. Njiani wanatoa maji. Maji ya chumvi yanateremka kwenye bati, yanaingia kwenye kila mkunjo, yanakaa. Chumvi haikauki vizuri, inavuta unyevu wa hewa hata siku bila mvua. Halafu mtu anaosha kwa ndoo moja, anaficha matope kwa kapeti, na chini ya kapeti hakupiti upepo. Hapa Butembo tuko juu, mita 1,800 hivi, baridi, suruali yangu ya jeans inakauka kwa siku mbili. Bati lililofunikwa litakauka lini? Liko ndani linapikwa polepole.

Nikasema, lakini mzee, chumvi si ndiyo inazuia kuoza?

Garaje yote ikanyamaza. Hata yule wa kusude alizima mashine yake.

"Inazuia samaki," akasema mzee. "Gari si samaki."

Na hapo akaanza historia, juu ya mzee akionja kitu lazima atoe historia. Akasema babu zetu walikuwa wanakwenda kuleta chumvi Katwe, kule ng'ambo, Uganda ya leo, wanabeba kwa vichwa na migongo, na biashara ya Wanande ilianzia kwenye chumvi hiyo kabla ya mtu yeyote kwenda kununua bidhaa Dubai na Guangzhou. Mgongo wa mtu, akasema, haushiki kutu. Nikakubali. Wangu umeshika kitu kingine lakini nikakubali.

Sasa bei. Fundi akaniambia kuna njia tatu. Ya kwanza, toli ya pipa: wanakata pipa la mafuta la lita 200, wanalinyoosha kwa nyundo, wanatandika. Nyembamba, inakubali, lakini ukipakia gunia zito inalia kama ngoma. Ya pili, mbao za libuyu. Hizo nilizipenda, zinanukia vizuri. Nikauliza bei nikaacha kuzipenda. Mbao zinatoka msituni upande wa Beni na Ituri, zinapita mbele ya macho yetu kwenye malori, zinakwenda kuwa meza Uganda na Kenya, na mimi niliyezaliwa kando ya njia yao siwezi kununua hata ya kukanyagia. Ya tatu, toli ya michirizi, milimita 3, ile wanatandika kwenye ngazi. Nikasema hiyo. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye pesa, juu ya yule mzee alikuwa anasikiliza.

Lakini toli haisudewi hewani, wala haisudewi kwenye kutu. Akakata kile kilichooza. Mashine inatoa cheche, bati linaanguka vipande, na kila akikata anakuta kingine kimeoza. "Na hii pia, papa." Na hii pia. Na hii pia. Kufika saa sita nilikuwa nimesimama ndani ya karoseri yangu, miguu yangu chini kwenye udongo wa Butembo. Na zile mbavu zinazobeba sakafu, mbili zimebaki ganda, ukizibana kwa vidole zinavunjika kama biskuti. Korniere mpya mbili, tafadhali, toa pesa. Bageti za kusude paketi moja, toa pesa. Umeme ukakatika, tukasubiri, haukurudi, wakawasha jenereta. Esansi ya jenereta ni ya nani? Toa pesa. Nilitoa mpaka mfuko ukageuka wenyewe nje, kama ulimi.

Mimi kazi yangu ilikuwa kushika ndoo ya maji, juu ya tangi ya mazutu iko karibu na bomba za breki ziko karibu. Fundi alifungua batri kwanza, akaiweka kando, akasema mutu asirudishe hii kabla ya kumaliza. Sawa. Akaanza kushika toli kwa pointi: pointi hapa, pointi kule, pembe hii, halafu ile ya mbali, anazunguka kama mtu aliyesahau kitu. Nikaona anakula esansi yangu. Nikamwuliza kwa nini asiende moja kwa moja kama cherehani. Akasema toli ikipata moto upande mmoja inajikunja kama chapati. Nikasema najua, nilikuwa nampima tu.

Sikujua.

Akaniambia pia nisiangalie ule moto. Yeye ana kinyago chenye kioo cheusi, mimi nina ndoo. Sasa, jirani, ukiambiwa usiangalie kitu kimoja, na kitu hicho ndicho pekee kinachowaka Butembo nzima, na umekilipia wewe, utaangalia wapi? Niliangalia kidogo. Nikaangalia tena kuhakikisha sikuangalia vibaya. Usiku, kama saa saba, macho yakajaa mchanga. Nililia kama mjane. Bibi akakata viazi viwili vya duara, kati ya vile vilivyonusurika Maboya, akanibandika. Havikusaidia kitu. Asubuhi akavipika.

Hiyo ni juzi. Jana tukapaka antirui juu, nyekundu nzuri, na chini nikapewa kazi ya kupaka mafuta ya vidanje, yale meusi yaliyotoka injini, yasaidie kuzuia maji. Nimelala chali chini ya gari na brashi. Unajua mafuta yanapokwenda ukipaka kitu kilicho juu ya uso wako? Yanajua njia, kama gari ya Kyavinyonge. Shati hilo bibi hakutaka liingie nyumbani. Nilipokuwa ndani ya shati, mimi pia sikuingia.

Lakini sakafu! Jirani, uje uione. Ukiruka juu yake wewe ndiye unaumia. Nyumba yangu haina sakafu kama ile. Jana jioni nilisimama juu yake nimefunga mikono mgongoni, nikawaangalia wapita njia, nikatamani mama mkwe apite. Nikalala nimetulia kwa mara ya kwanza tangu mbuzi.

Usiku mvua ikanyesha. Umeisikia. Ile ya kupiga mabati mpaka huwezi kusali.

Asubuhi natoka, nakuta watoto wa jirani yangu wa juu wamepanda kwenye karoseri na wanapiga miguu. Wanaoga. Maji yamefika vifundoni. Hayatoki popote. Fundi amefunga kila kitu, pembe zote, mshono mzima, safi, hata tone. Bata wa yule mama wa makaa alikuwa amekwisha kuingia na anaonekana ana nia ya kukaa. Nikatoa maji kwa kopo. Nimehesabu makopo mpaka 60, mgongo ukakataa, ndiyo maana unaniona hapa nimekaa kama herufi.

Nimetoka kwa fundi sasa hivi. Nikamwambia, wewe, maji yatatokea wapi? Yakikaa pale kutu itarudi, si mlinifundisha wenyewe? Akakubali kabisa. Akasema kweli, papa, karoseri lazima iwe na matundu ya kutolea maji, bila matundu ni beseni. Nikasema sasa mbona hukuweka. Akasema hukuomba. Ulisema nifunge mashimo, nimefunga. Na yule mzee kwenye tairi yake akatikisa kichwa, naye yuko upande wa fundi.

Nikauliza bei. Toli ya milimita 3 ni ngumu, akasema, inakula foreti. Tundu moja elfu mbili franka, na ninahitaji manne. Yale ya zamani nilikuwa nayo bure.